Kawa la Wakwe

"Raya anafuga funza." Uvumi huo ulimganda Bi Mwanakombo kama shombo, hata akaenda nyuma ya choo kujionea mwenyewe.

Akakuta vichwa viwili vya samaki vilivyooza. Kimoja kilikuwa wazi, kinachemka funza weupe. Kingine binti yake Raya alikifunika kwa kawa, lile jipya lililotengwa kufunikia chakula cha wakwe.

Akamgeukia Raya aliyechutama kando. "Ptuu! Mtoto mchafu wee! Wakwe wa dada yako leo wale nini, uvundo?"

"Mama, si ulisema funza huzaliwa na uozo wenyewe? Chungulia."

Raya akainua kawa. Kichwa kilikuwa kimeoza vilevile, kinanuka vilevile, lakini hakina funza hata mmoja. Nzi walikuwa wametaga mayai juu ya kawa.

"Basi wale funza wa kichwa kingine kawaleta nani?" mama akauliza, na papo hapo akajuta, maana macho ya mwanawe yaliwaka.

Wenye watoto, jihadharini. Msiwaachie vichwa vya samaki. Msiwaachie kawa la wakwe. Msiwajibu msichokiona kwa macho. Wakiwaita mchungulie, msiiname. Bi Mwanakombo yuko pale bado, ameinama, kaziba pua, na wakwe wanapiga hodi.