Bomba Lililouliza Jina

Tangu sheria ilipokataza mama kuitwa kwa jina la mtoto aliyefariki, bomba la Mama Eliamini lilikuwa kavu. Kila asubuhi liliuliza, "Nani anachota?" Naye kila asubuhi alijibu kwa jina la mwanawe aliyemzika mwezi Machi, na bomba likanyamaza.

Siku ya tisa bintiye, Nakunda, aliweka ndoo tupu chini. "Mama, kwani mimi si mtoto wako?"

"Ni mwanangu kabisa. Ila miaka ishirini nimeitwa kwa jina la kaka yako."

"Na mimi miaka kumi na sita nimesubiri. Lijibu hilo bomba, Mama. Tunanuka."

Mama alicheka bila kutaka, kisha akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe ujasiri. Akainua kichwa. "Mama Nakunda," alisema kwa sauti thabiti. Maji yakatoka kwa nguvu, na binti akayakinga kwa mikono yote miwili huku akicheka.

Ng'ambo ya ua, jirani alikuwa amesikia. "Mama Nakunda, umeamkaje?"

"Salama," alijibu papo hapo, bila hata kujiuliza aliyeitwa ni nani. Ndipo akalitaja jina la Eliamini chini kwa chini, asije akalisahau.