Baridi ya Shaweji

Sheria ilikuwa wazi: sauti ya marehemu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta haihamishwi; kompyuta yake ikifa, nayo imekwenda. Basi, kompyuta ya Shaweji ilipoanza kuchemka kwa uzee, mjane wake, Bi Zuwena, aliizungushia mitungi ya maji, akatundika kanga mbichi dirishani. Jirani yake Chiku akamletea barafu ya juisi zake za kuuza.

"Shoga, unampoza mume au unagandisha samaki?"

"Cheka tu. Huyu alikuwa akinipepea joto likizidi, mpaka nilale."

Mashine ikatulia. Sauti ikatoka, ya upole kama zamani.

"Zuwena, nasikia baridi. Nifunike."

Chiku akaacha kucheka. Bi Zuwena alikuwa keshachukua blanketi. Akasimama nalo, amelikumbatia, akijua joto litamuua.

"Zuwena?" sauti ikaita tena.