Kikohozi cha Shomvi

Vijana walizipiga nyimbo za marehemu Shomvi kwa ufundi hata mjane wake, Bi Mwanaidi, akajikuta anatikisa mabega. Kisha ukaja wimbo wa mwisho, ule Shomvi aliorekodi akiwa mgonjwa, na mwimbaji akakohoa palepale alipokohoa yeye. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Kakohoa vilevile!" jirani wa Bi Mwanaidi akacheka.

"Kikohozi hicho ndicho kilichomuua, mpumbavu wewe!"

Akaivuta kanga yake kutoka begani, akapanda jukwaani kumzaba mtu kofi. Watu wakampisha wakidhani anakwenda kutunza.

"Mfute jasho, mama!"

Mwimbaji akafumba macho, akamwinamishia uso, kama Shomvi alivyozoea mkewe alipopanda kumfuta. Mkono wa Bi Mwanaidi, ulioinuliwa kwa kofi, ukabaki juu, kanga ikining'inia kiganjani.