Jiko la Mwisho Nong Sim

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Mama Bouasy hakuwasha moto alfajiri. Mchele aliouloweka jana aliuacha kwenye maji. Alijifunga kitambaa mpaka puani, akashuka ngazi za nyumba yake viatu mkononi, kama mwizi.

Ilikuwa leo au basi tena. Kesho inaanza miezi mitatu ya mvua, ambamo mtawa haruhusiwi kulala nje ya hekalu alimokutwa na mvua hizo. Mtawa Khampheng akishaanza kukaa, hatoki. Na asipotoka yeye, Mama Bouasy naye habanduki. Maana mtawa hapiki, haweki akiba, anakula kile tu alichopewa asubuhi hiyo. Na pale kijijini Nong Sim lilikuwa limebaki jiko moja tu la kumpa.

Wengine wote walihamia barabara kuu, kwenye umeme. Wakamwachia Mama Bouasy hekalu. Na lile hekalu si la kutupa. Matofali yake aliyafyatua babu yake na wenzake, kila nyumba ikitoa mia moja. Bouasy alijifunzia herufi kwenye sakafu yake. Vita vilipokuja, kijiji kizima kililala chini ya paa lake. Ngoma yake iliwaita watu kwenye moto, kwenye mafuriko, kwenye misiba. Mifupa ya mumewe, iliyobaki baada ya kuchomwa maiti, imehifadhiwa ukutani mwake. Likiwa na mtawa, ni hekalu. Bila mtawa, ni banda la popo.

"Mama, huyo mtawa umemzaa wewe?" Latsamy, bintiye, alimfokea juzi kwenye simu. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mumewe yuko Thailand kwa vibarua, na kitoto kikilia hakina wa kukinyanyua. "Hata kuinama siwezi. Barabara ikikatika kwa mvua, utakuja mwezi wa kumi kunizika?"

"Usiseme hivyo, we mtoto."

"Basi njoo!"

Mara tatu alijaribu kumwambia mtawa. Jana ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alipiga magoti kando ya njia, akatia tonge la wali wa kunata kwenye bakuli lake.

"Mtawa, nilikuwa na neno."

"Hata mimi, mama. Sema wewe."

"Hapana, mkubwa ni wewe. Anza."

Mtawa aliangalia bakuli. "Wali wa leo umeiva vizuri."

"Asante, Mtawa."

"Na wewe ulitaka kusema nini?"

"Kesho nitatia ufuta."

Alirudi nyumbani akijitukana. Ndipo alipokata shauri. Mtawa akikosa wali leo, ataelewa mwenyewe. Atakuwa na mchana mzima wa kuhamia hekalu la barabara kuu kabla ya kesho. Njaa ya asubuhi moja haiui mtu. Alijiambia hivyo njia nzima ya kwenda kisimani, akigeuka nyuma kila mara.

Pikapu ya Thong, dereva wa kwenda barabara kuu, ilikuwa inanguruma kwenye kisima cha zamani, haina abiria.

"Ee! Mama Bouasy! Leo mtawa anapikiwa na nani?"

"Funga mdomo, endesha."

Thong alicheka. Alicheka kuliko mzaha wenyewe, mpaka akapiga usukani. Mama Bouasy hakumjali. Alipanda nyuma, akajibanza kati ya magunia ya mkaa, akavuta kitambaa mpaka machoni. Moyoni alimwomba mumewe msamaha. Halafu akamwona mjukuu akilini, vidole vyake, na akaacha kuomba.

Gari lilishuka polepole mpaka kona ya hekalu. Hapo Thong akakanyaga breki.

Mama Bouasy alizidi kujikunyata kati ya magunia. Sasa ameonekana. Sasa atarudishwa, apige magoti, apike, na mvua zitamfungia humo humo.

Akasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, ule wa upande wa pili wa dereva, wanakokaa watawa ili wasigusane na wanawake. Kitu kizito kikatupwa ndani. Kisha kupitia tundu la kioo ikaja sauti anayoijua, inahema:

"Twende, Thong, upesi, kabla yule mama hajaamka."