Kibanda cha Wimbi

Bhoke alikuwa amekaa kizingitini mwa kibanda, miguu kainyoosha, na hakusogea hata tarishi wa chifu alipoinua shoka.

"Mama, ondoka," alisema Nikolaus, karani wa baraza. "Kibanda hiki kinavunjwa leo."

"Kivunjeni pamoja na mimi."

Wanachama waliosimama uani walishangilia. Kila mavuno, kila nyumba iliyokuwa katika chama chao pale Nyamwaga ilileta hapo debe la wimbi, ule ulezi wa uji. Mwanachama akiugua, alilazwa humo, akanyweshwa uji mpaka apone, na shamba lake likalimwa. Sharti gumu lilikuwa moja: jina la mgonjwa halitajwi nje mpaka asimame mwenyewe.

"Serikali imetujengea zahanati," Nikolaus alisema. "Ninyi mnashindana nayo?"

"Mura, kijana wangu, zahanati inatoa vidonge. Vidonge havipalilii mahindi. Kule tunakwenda na hapa tunakuja. Nani kakwambia lazima tuchague?"

Hata tarishi alicheka. Nikolaus, uso umemvimba, akakunjua karatasi.

"Dresa Benedicto mwenyewe, anayetibu pale zahanati, ndiye aliyelalamika. Aliniachia barua hii alipokwenda Musoma kufuata dawa. Sikilizeni: 'Chama hiki kinaninyang'anya wagonjwa. Sikitaki.'"

"Amekwenda lini?"

"Leo siku ya nne. Huoni zahanati imefungwa?"

Bhoke alikuwa ameona. Alijua pia kwamba angetaja jina moja tu, shoka lingerudi begani. Lakini sharti lile alilitunga yeye mwenyewe, na hakuwa tayari kulivunja kwa ajili ya karani.

"Ndani kuna mgonjwa," alisema.

"Nani?"

"Sikwambii. Nifunge ukitaka."

"Vunja!" Nikolaus alifoka.

Shoka lilipiga mwimo mara moja tu. Komeo likafunguliwa kutoka ndani, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Bhoke akasogea, akampisha mtu. Mtu huyo alitoka polepole, kajitanda blanketi, midomo imekauka kwa homa, kibuyu cha uji mkononi.

"Nikolaus," alisema Dresa Benedicto, "hebu soma tena hapo niliposema sikitaki chama changu."