Kibuyu cha Mama Robow

Kibuyu kilizunguka mkono kwa mkono barazani kwa Mzee Warfa, mbele ya duka lake. Kila mzee alinusa, akaonja tone, akampa wa pili. Mwisho kilimfikia Warfa mwenyewe. Yeye hakuwa na haraka, kwa maana alipenda kesi kama wengine wanavyopenda miraa, na kwa kuwa baba yake alikuwa askari wa Mzungu, alitaka kila jambo liende kwa mstari.

"Haya ni maziwa ya mbuzi," alisema.

Akiru aliinamisha kichwa. Mgongoni, ndani ya leso, binti yake Peris alinyoosha mkono kukifuata kile kibuyu, na mama mtu akaurudisha upesi. Mtoto alikuwa mwepesi siku hizo, mwepesi wa kutisha. Ukame wa mwaka themanini na nne ulikuwa umewachapa watu wote wa Burat, kijijini kwao nje ya mji, na mbuzi wachache waliombakia Akiru walitoa maziwa kwa kubembelezwa.

Mbele yake, kwenye mkeka, aliketi bibi kizee Asho, uso mkavu. Mtaa mzima wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, ulimwita Mama Robow, kwa jina la mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Ndiye aliyeshtaki.

Mkataba wenyewe wazee waliujua. Robow, alipoanza safari za kupita Moyale, alimwachia Akiru ngamia wake wa maziwa. Akiru na watoto wake wanywe, ila kibuyu kimoja kila asubuhi kiende kwa mama yake. Ngamia akifa, Robow aambiwe, alete mwingine. Na mwenye ruhusa ya kuumaliza mkataba ni Robow peke yake. Walikunywa maziwa ya ngamia huyo kwa kibuyu kimoja, Warfa akiwa shahidi, na jambo likawa limefungwa.

"Ngamia yuko wapi?" Warfa aliuliza.

"Alikufa, mzee. Ugonjwa."

"Na Robow ulimwambia?"

Angemwambiaje? Robow alikufa kabla ya ngamia. Lori lilipinduka mbali huko kaskazini, wakamzika kando ya barabara, na Guleid, dereva mwenzake, alipofika Isiolo alikosa moyo wa kwenda Bulla Pesa peke yake. Alimpitia Akiru, wakaenda wote. Asho aliwapokea kwa salaam aleikum na bashasha zote, akachukua kibuyu chake, akakinusa, akacheka.

"Maziwa haya yakija tu," aliwaambia, "najua mtoto wangu yuko."

Guleid alimaliza chai yake, akaaga, akarudi barabarani bila kusema neno. Akiru akaachwa na ile habari peke yake.

Basi akaendelea kupeleka maziwa. Ngamia alipokufa alikamua mbuzi, akakifukiza kibuyu kwa moshi mwingi zaidi, akijidanganya kwamba moshi utaficha. Asubuhi baada ya asubuhi alimwacha Peris akilia njaa, akashika njia ya mjini kwa miguu. Mwanzoni Asho alikuwa akiuliza kila siku kama Robow ametuma salamu. Kisha akaacha kuuliza. Akiru alimshukuru Mungu, akadhani mama wa watu amezoea kungoja.

Na shukrani yake ndiyo hii, kuanikwa mbele ya wanaume kama mwizi. Ilimuuma, ilimuuma sana.

"Sikumwambia," alisema.

Wazee waliguna. Warfa, wa mstari, alimgeukia Asho akamkumbusha kwamba mkataba ulikuwa wa watu wawili, Robow na Akiru. Yeye hakuwemo. Anadai kama nani?

"Maziwa yaliahidiwa mdomo wangu," Asho alijibu. "Nani mwingine angejua yamebadilika?"

Wakakubali kwamba ana haki. Ikabaki fidia. Mmoja alitaka ngamia kwa ngamia. Mwingine alimtazama Akiru, viatu vyake vya mpira na leso yake iliyochakaa, akasema ngamia huyu mama atamtoa wapi, atoe mbuzi wote waliobaki.

Machozi yalimlenga Akiru. Bila mbuzi wale Peris hangefika mvua. Na neno moja tu lingemwokoa. Angesema Robow hayuko, hakuna mtu barazani pale ambaye angemdai kitu. Neno lilifika mdomoni. Akamtazama yule mama aliyekuwa akiishi kwa kibuyu kimoja cha asubuhi, akalimeza.

"Nitatoa mbuzi," alisema.

Asho hakumwondolea macho. Kisha aliinuka kwa taabu, akishika ukuta.

"Sitaki mbuzi. Nataka huyu mama asilete tena maziwa kwangu. Mkataba uishe leo, na asidaiwe kitu."

Akiru alishtuka kuliko alivyoshtushwa na habari ya mbuzi. "Mama Robow, nitaleta," alisema, na sauti ikamvunjika. "Usikatae. Nitaleta tu."

Warfa alikuwa ameshainua mkono. Hakupenda kesi imponyoke namna hiyo. "Mama, hilo huwezi," alisema kwa upole. "Wewe ni wa kunywa. Wa kuumaliza mkataba ni Robow peke yake, na Robow hajarudi."

Asho aliinama, akakiokota kibuyu miguuni pa Warfa. Alimzunguka Akiru polepole, akakiweka kwenye mikono ya Peris, na akakishikilia chini ili mtoto anywe vizuri.

"Mimi ndiye mrithi wake," alisema.