Pampu ya Raya

Raya alikuwa akiendesha baiskeli taratibu kando ya mfereji, matembezi yake ya kila Ijumaa, alipomkuta mzee Haroub amekwama, gurudumu la baiskeli yake limeisha upepo.

“Binti, niazime pampu yako. Mjini mbali.”

Raya aliishika pampu iliyofungwa kwenye fremu. “Mama yangu alikuomba umpakie, hapahapa, uchungu umemshika. Tulimzika na mtoto tumboni. Ulimjibu nini siku ile?”

Haroub aliinamia gurudumu lake. “Nilikuwa na haraka.”

“Mimi sina.”

Akapanda, akaondoka polepole, akipiga kengele. Nchi ile tambarare haina hata kichaka. Haroub angeiona pampu iking'aa mpaka macho yamuume. Nyuma, sauti ya mzee ikaanza kuliita jina la mama yake Raya.